Ua Dogo na Cheti Chake

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja barazani Shelui, mbele ya wazee, walimu na wanafunzi. Twaichapa yote kama alivyoisoma.)



Nimepewa nafasi ya kusema habari za ua dogo. Najua ya kuwa baadhi yenu mliposikia jambo hili mlicheka. Mzee mmoja alinikuta njiani jana akaniuliza, "Karani, wewe na maua ni wapi na wapi? Maua si kazi ya nyuki?" Nikamwomba radhi, nikamwambia aje barazani. Namwona ameketi pale mbele, naye anatabasamu. Ahsante, Mzee, kwa kuja.

Naomba nianze kwa kuungama kosa langu, maana mtu anayeungama husikilizwa hata na wale waliokuja kwa kuzuga.

Katika mwaka wa pili wa kazi yangu ya ukarani nilitumwa nifuatane na bingwa mmoja wa elimu ya mimea, aliyekuja kutafuta majani na maua katika nchi yetu, tangu ukingo wa mbuga ya Wembere mpaka juu ya mlima wa Sekenke. Yeye alichuma, mimi niliandika. Kila mmea uliochumwa ulitandazwa ndani ya gazeti kuukuu, nami niliandika katika kipande cha karatasi mahali ulipoota, tarehe, rangi ya ua, namna ya udongo, na jina walilolitaja wenyeji. Kipande hicho ilinipasa nikitie ndani ya gazeti lile lile, papo hapo. Lakini mimi niliona ni taabu kufungua na kufunga kila mara. Nikavitia vipande vyote mfukoni mwangu, nikasema moyoni, "Jioni nitavipanga."

Jioni hiyo mvua ikatukuta tunashuka Sekenke. Nililowa chapa chapa. Wino ukaenea kama uji, na vile vipande vichache vilivyosomeka havikujulikana ni vya mmea gani. Tulipofika mahali pa kulala tukafungua magazeti kumi na manne, na ndani yake mimea kumi na minne mizuri, imetandazwa vema, mizizi, majani na maua yake yote. Hakuna hata mmoja uliokuwa na cheti. Yule bwana hakunigombeza, na afadhali angalinigombeza. Aliitoa mmoja mmoja akaitupa nje, na mbuzi wa mwenye nyumba wakaila.

Katika hiyo kumi na minne palikuwa na mmoja ambao haujanitoka mpaka leo. Ni ua dogo la manjano, halizidi ukucha wa kidole gumba, lililoota katika kidimbwi cha mvua juu ya mwamba. Baada ya miaka mitatu nilikwenda kulitafuta. Mahali pale pamechimbwa kifusi cha barabara, hapana mwamba wala kidimbwi, ila shimo. Huenda ua lile liko tele mahali pengine, huenda haliko tena popote. Ningalitia kile kipande cha karatasi mahali pake, leo lingekuwapo jibu.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe jinsi ilivyo, maana wengi hawajaiona.

Mmea ukichumwa hutandazwa katika gazeti, jani moja likionyesha uso na jingine likionyesha mgongo. Kisha hubanwa kati ya mbao mbili na kufungwa kwa kamba au mikanda. Magazeti hubadilishwa kila siku ili unyevu utoke, mpaka mmea ukauke kabisa. Baadaye hubandikwa au kushonwa juu ya karatasi ngumu nyeupe, na katika pembe ya chini hubandikwa cheti. Karatasi hizo hupangwa makabatini, ukoo kwa ukoo, na kulindwa na wadudu. Nyumba ya namna hii huitwa hebaria. Katika nchi yetu iko hebaria ya taifa kule Arusha, na iko nyingine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iliyo kubwa kuliko zote za Afrika ya Mashariki iko Nairobi. Hiyo ilianza Amani, katika milima ya Usambara, mahali Wajerumani walipojenga chuo chao cha elimu ya kilimo na mimea mwaka wa 1902, ikahamishwa Nairobi mwaka wa 1950. Mmea uliokauka na kutunzwa vema hukaa miaka mia mbili na zaidi. Binadamu hatukai hivyo, hata tukitunzwa namna gani.

Lakini mmea peke yake ni majani makavu, na majani makavu yako tele katika kila zizi la Shelui. Kinachoufanya kuwa kitu ni cheti. Wazee wa hapa mnajua habari za dhahabu ya Sekenke. Mwaka wa 1916, katika vita kuu ya kwanza, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha zimewapungukia, walipiga sarafu za dhahabu kule Tabora, zenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka machimbo yetu haya ya Sekenke. Juu ya sarafu hiyo pameandikwa mwaka, na iko herufi T, maana yake Tabora. Mtu aishikaye leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, hata akiwa Ulaya, hujua ilipigwa wapi na lini. Ondoa mwaka na herufi, basi ni kipande cha madini tu, na mwenye duka ataipima kwa mizani, hatauliza habari zake. Ndivyo ulivyo mmea mkavu na cheti chake.

Sasa niwatolee mfano wa ua moja la nchi yetu ambalo sifa zake zimeenea dunia nzima, nanyi mtaona jinsi cheti kinavyoweza kusaidia, na jinsi kinavyoweza kuleta fujo kikiwa na upungufu.

Upande wa Tanga, katika miamba yenye kivuli na katika misitu ya Usambara, huota mmea mdogo, majani yake manene yenye manyoya laini, umejibana chini karibu na jiwe, na maua yake rangi ya urujuani na kitovu cha manjano. Hauzidi shubiri moja kwenda juu. Mtu apita akakanyaga, asiutambue.

Wa kwanza kupeleka mmea huu mkavu Uingereza alikuwa Sir John Kirk, yule balozi wa Kiingereza wa Unguja, mwaka wa 1884. Ulipokewa Kew, karibu na London, palipo hebaria kubwa mno. Mwaka wa 1887 ukapelekwa tena na Padre W. E. Taylor wa CMS, aliyefanya kazi upande wa Mombasa. Huyu Taylor ndiye yule aliyekusanya methali za Waswahili na kuzitia katika kitabu, na mashairi ya Muyaka pia aliyatafuta akayaandika. Wapenzi wa lugha yetu wanalijua jina lake. Basi, mara mbili ua hili lilifika Kew, na mara mbili mabingwa walitazama wakaona vielelezo vile havitoshi kulitambulisha ua na kulipa jina. Likawekwa kabatini. Si mmea wote uliokauka unaofaa. Mmea huu una majani yenye maji mengi, nao ukibanwa vibaya huoza au huvunjika, na yale manyoya ya jani, ambayo ndiyo alama yake, hulala yasionekane.

Mwaka wa 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa serikali katika wilaya ile, aliliona ua hilo. Yeye alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na baba yake, aliyependa sana bustani, akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Wendland akaziotesha, akaliona ua likiwa hai mbele yake, na mwaka wa 1893 akalipa jina la kielimu, Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni jina la ile familia; la pili ni la Kiyunani, nalo lataja ua la urujuani. Saint Paul naye alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili, kwa maana mwaka wa 1890 alitoa kitabu cha kufundishia Wajerumani lugha yetu. Ajabu ni hii: watu wawili kati ya hao watatu walikuwa waandishi wa mambo ya Kiswahili, na wa tatu alikaa Unguja miaka mingi, lakini jina lililoandikwa katika vitabu vya dunia halina hata silabi moja ya watu wa Tanga au Usambara. Wala jina la mtu aliyewaonyesha njia ya kufika kwenye mwamba halimo. Mimi silaumu wafu. Lakini karani akiliona daftari la namna hiyo husema, hapa pana safu haikujazwa.

Ngojeni, fujo yenyewe bado. Saint Paul alisema kwamba aliliona ua lake mahali pawili: kwanza chini karibu na Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, si mbali na bahari, na pili juu, katika msitu wa Usambara. Mbegu alizopeleka ziliota Ulaya, zikachanganyika bustanini, zikauzwa. Baadaye sana, mabingwa walipotazama vielelezo vikavu na mimea hai, waliona kwamba katika mbegu zile za kwanza mlikuwamo mimea ya namna mbili, si mmoja. Ipi ilitoka chini karibu na bahari, ipi ilitoka juu msituni? Mbegu hazikuwa na vyeti viwili. B. L. Burtt, bingwa wa Edinburgh aliyefanya kazi sana juu ya mimea hii, aliipa mmoja wao jina la confusa, maana yake kwa Kilatini ni "aliyechanganywa", kwa kuwa watu walikuwa wamemchanganya na mwenzake kwa miaka mingi. Naona ni jina la haki. Wengine wangelificha kosa, yeye amelitia katika jina lenyewe, lisomwe daima.

Katika siku za Burtt ilihesabiwa mimea ya jamaa hii yapata 20, ikitofautishwa sana kwa manyoya ya majani: haya marefu, haya mafupi, haya yamesimama, haya yamelala. Kisha mabingwa wakarudi makabatini, wakapanga mbele yao kurasa zote, za Tanga, za Usambara, za Uluguru, za Nguru, za Taita, wakasoma vyeti kimoja kimoja na kutazama mahali kwa mahali. Wakaona kwamba mingi iliyodhaniwa kuwa mbalimbali ni ndugu wa tumbo moja, wametofautiana kidogo kwa mlima na mlima. Katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, sehemu yake iliyotoka mwaka wa 2006, hesabu ilishuka ikawa chini ya 10. Na mwaka wa 2015 hata jina la Saintpaulia lenyewe liliondolewa katika cheo chake, ua likatiwa katika jamaa kubwa ya Streptocarpus. Majina hubadilika, basi, kama watawala. Lakini ukurasa wa Kirk wa 1884 haukubadilika, na kila bingwa mpya hana budi kurudi kwake.

Kitabu hicho nilichokitaja ni kazi ya kustaajabisha. Kazi yake ilianza mwaka wa 1948, sehemu ya kwanza ikatoka 1952, na ya mwisho ikatoka mwaka wa 2012. Imehesabiwa ndani yake mimea 12,104 ya Kenya, Uganda na nchi yetu. Miaka zaidi ya 60, na walioianza wengi hawakuiona ikimalizika. Yote ilijengwa juu ya karatasi zenye vyeti.

Sasa mtasema, kumbe karatasi zikiwako Ulaya zimesalimika. Sivyo. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, katika vita kuu ya pili, mabomu yaliangukia hebaria ya Berlin. Huko ndiko ilikokuwa mimea mingi iliyochumwa katika nchi yetu wakati wa Wajerumani, pamoja na vile vielelezo vya asili ambavyo majina yalitolewa kwavyo. Karibu yote iliteketea. Fikirini, Wazee: mtu alitoka Ulaya, akapanda milima yetu kwa miguu, na wapagazi wetu wakachukua mizigo yake kichwani mpaka pwani, na wengine wao walikufa njiani, ikavuka bahari, ikakaa miaka 50 salama, na usiku mmoja ikawa majivu.

Kilichookoa ni nakala. Wachumaji wenye busara huchuma matawi matatu au manne ya mmea mmoja, mahali pamoja na siku moja, wakayapa namba moja, kisha huyagawa: moja hapa, moja kule, moja huko. Basi kilichoungua Berlin, mara nyingine ndugu yake alipatikana Kew au mahali pengine, naye akaapishwa kuwa shahidi badala ya marehemu. Makarani wenzangu mlio hapa, mnaojua thamani ya karatasi ya kaboni, nadhani hamhitaji maelezo zaidi.

Nirudi sasa karibu na nyumbani. Mzee wangu pale mbele ameinua mkono, nami najua swali lake: faida yake nini kwa mkulima wa Shelui?

Zamani, kabla ya 1940, mbung'o walikuwa wameiteka sehemu kubwa ya nchi hii ya kati. Ng'ombe walikufa, na watu waliugua malale, hata vijiji vikahamishwa. Makao ya kazi ya kupigana na mbung'o yalikuwa Shinyanga, jirani zetu. Mkuu wake alikuwa C. F. M. Swynnerton, na bingwa wake wa mimea alikuwa B. D. Burtt, msimchanganye na Burtt yule wa Edinburgh. Watu wakauliza kama mzee wangu, bingwa wa mimea ana kazi gani na inzi? Jibu lake ni kwamba mbung'o hakai popote. Yuko anayependa pori la namna hii, na yuko anayependa kichaka cha namna ile. Ukijua miti, umejua nyumba ya adui. Burtt alizunguka katika nchi hizi za Shinyanga, Singida na Kondoa, akachuma maelfu ya mimea, akaitia namba na vyeti. Lile pori nene la Itigi, ambalo msafiri wa reli hulitazama kwa hofu, yeye aliingia ndani yake akalichunguza mti kwa mti. Kuna kichaka cha huko kilichoitwa kwa jina lake, Burttia, mwaka wa 1931.

Mwezi wa Juni 1938 Swynnerton na Burtt walipanda ndege pamoja kwenda Dar es Salaam, ambako Swynnerton alikuwa apewe nishani. Ndege ikaanguka, wote wawili wakafa. Burtt alikuwa na umri kama wangu, miaka thelathini na kitu. Lakini mwaka wa 1942 maelezo yake ya mapori ya nchi yetu yalichapwa, yametengenezwa na wenzake kutoka katika maandiko yake, na mpaka leo watu huyasoma. Alikuwa amekwisha kufa miaka minne. Angaliweka vyeti vyake mfukoni kama mimi, vyote vingalianguka pamoja naye.

Na faida ya pili i katika mashamba yenu. Kiduha mnakijua, wala sina haja ya kukisifu. Ni ua dogo zuri, jekundu au la urujuani, nalo hufyonza mtama na mahindi kwa chini, mizizi kwa mizizi, hata mkulima ashangae mvua inanyesha na mahindi yananyauka. Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu na maelfu, ndogo kama vumbi, na mbegu hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Nacho si kimoja, viko vya namna kadha wa kadha, na vingine hupendelea nafaka hii kuliko ile. Mtu anayetaka kujua kimefika wapi, na mwaka gani, na kilikutwa juu ya zao gani, hutazama vyeti vya hebaria. Palipoandikwa tu "shambani" hapamsaidii. Palipoandikwa "shambani mwa uwele, udongo wa kichanga, karibu na mto fulani" pamemwonyesha njia.

Kiduha kina ndugu yake katika mbuga yetu. Mmeliona wote: mvua za kwanza zikiisha kulowesha udongo mweusi, huchomoza katikati ya majani ua jeupe, pana, laini, mtu akiona kwa mbali hudhani watoto wamechana daftari wakatupa vipande mbugani. Kwa elimu huitwa Cycnium tubulosum. Nalo hufyonza mizizi ya nyasi, ila kwa adabu kuliko nduguye. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu alituagiza tulete maua makavu. Nikachuma hili kwa kuwa ni jeupe kuliko yote, nikalibana ndani ya kitabu cha hesabu. Baada ya wiki nikafungua: jeusi tii, kama lililochovywa katika wino! Nikampiga mdogo wangu kofi, nikidhani ndiye aliyelichezea. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba ndiyo tabia yake. Ua hili, na kiduha, na wengi wa ukoo wao, wakikauka huwa weusi. (Mdogo wangu nimekwisha kumwomba radhi, akasema alikwisha sahau. Sidhani.)

Angalieni basi. Bingwa aliye mbali akiletewa ua hili kavu huona kitu cheusi. Weupe wake hauko tena mahali popote duniani ila katika neno moja la cheti, "jeupe", lililoandikwa na mtu aliyesimama mbugani siku ile. Kama hakuliandika, umekwenda. Na harufu ndiyo hivyo, na umbo la udongo, na jina la wenyeji, vyote havibaniki kati ya mbao.

Jina la wenyeji ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. P. J. Greenway, bingwa wa Amani, alitoa mwaka wa 1937 kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, jina la kwetu na jina la kielimu pamoja, nayo ikachapwa tena mwaka wa 1940. Ni kazi ya heshima. Lakini Kiswahili ni lugha ya wote, na kila nchi ina majina yake ya ndani. Niliuliza habari za hili ua jeupe la mbugani kwa bibi mmoja wa Kinyiramba, akanipa jina, na sababu ya jina. Nikamwuliza mzee mmoja mfugaji wa Kisukuma, akanipa jina jingine, akasema la bibi ni la mmea mwingine kabisa. Sitayataja hapa, kwa sababu wote wawili wako barazani, nami sikuja kuleta kesi. Nimeyaandika yote mawili katika cheti kimoja, na mbele ya kila moja nimeandika limetoka katika lugha gani. Vijana wanne niliowauliza baada ya hapo walisema, "Ni ua tu."

Na liko jambo la fedha, ambalo najua halichoshi masikio. Lile ua la Tanga limekuwa mali kubwa. Tangu mwisho wa karne ya 19 lilianza kuuzwa Ujerumani, na baadaye Marekani, na leo liko katika vyungu madirishani mwa watu wengi wa Ulaya na Marekani kuliko tuwezavyo kuhesabu. Jani moja likichomekwa udongoni hutoa mche, basi watu hawakuhitaji kurudi Tanga kuomba tena. Mimi sijasikia kijiji chochote cha Usambara kilichochimbiwa kisima kwa fedha hizo. Siku hizi mataifa yamepatana, kwa mapatano ya Rio ya 1992 na yale ya Nagoya ya 2010, kwamba atakayefaidika na mmea wa nchi nyingine agawane faida na nchi hiyo. Ni neno jema. Lakini mwenye kudai shamba huulizwa hati. Mmea utakaodaiwa ni wa Iramba, sharti uwe na ukurasa unaosema ulichumwa Iramba, siku fulani, na fulani. Bila hivyo tutakuwa tunapiga kelele nje ya mlango wa korti.

Basi, nimezungumza na Walimu wa shule, nao wamekubali jambo dogo. Kila darasa la juu litachuma mimea 10 msimu huu wa mvua, isiyozidi, na kila mmea mara tatu: mmoja ukae shuleni, mmoja tupeleke Arusha, na mmoja Dar es Salaam. Siku hizi kurasa nyingi hupigwa picha na kuwekwa katika intaneti, hata mwalimu mwenye simu akiwa hapa Shelui aweza kuona ukurasa ulioko Kew. Lakini picha haipigwi ya kitu kisichokuwapo.

Nawaomba watoto wasing'oe mahali palipo na mmea mmoja tu au miwili. Hapo waandike, wapige picha, waache. Cheti kiandikwe kwa kalamu ya risasi, maana hiyo haienei ikilowa, na kiwekwe ndani ya gazeti papo hapo, wala si mfukoni. Waandike mahali kwa namna ambayo mgeni aweza kufika: si "karibu na kwa babu", bali maili au kilometa ngapi kutoka barabarani, na upande gani. Rangi ya ua iandikwe kabla halijakauka. Jina la wenyeji liulizwe kwa watu wawili, na jina la mzee aliyelitaja liandikwe pia, kama yeye mwenyewe akiridhia. Ile safu iliyoachwa tupu Tanga, sisi tutaijaza.

Wazee, kwenu naomba mtoto akija kuuliza asifukuzwe, hata kama mnakula.

Kazi itaanza Jumamosi ijayo asubuhi, na tutakutana shuleni kabla jua halijawa kali. Mbao za kubania fundi amekwisha tengeneza jozi sita. Kinachopungua ni magazeti makuukuu. Aliye nayo aniletee ofisini. Yale yaliyofungiwa samaki hayafai.